Mkunga Aliyevuka Mstari wa Pili

Siku ya kuniaga nilipostaafu, wenzangu wa maternite, wodi yetu ya kuzalisha, walinipa saa kubwa ya ukutani, mimi ambaye sasa sina mahali pa kuchelewa. Halafu wakaniomba niwaandikie ninyi wakunga wapya kuhusu kuchoka. Si ule uchovu wa kupanda mlima wetu wa Kadutu na gunia la makala, makaa ya kupikia, mgongoni. Ule unakula, unalala, asubuhi umeisha. Wanataka ule mwingine, unaolala nao na kuamka nao, ambao kwenye mafunzo wanauita kwa neno refu la Kifaransa. Wanasema nieleze alama zake ili mtu azitambue mapema. Sawa. Ila mjue mnamwuliza mtu ambaye alama zote zilipita mbele ya pua yake, naye akazisalimia na kuendelea na kazi.

Vyeo na mshahara naviruka, hamtakosa kitu. Naanza na siku ya kwanza. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, diploma ya uuguzi, na blouse nyeupe, koti la kazi, iliyopigwa pasi mpaka inasimama yenyewe. Mkuu wa maternite alikuwa Maman Léocadie, mkunga mfupi, mnene, mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya bonde. Ndani kulikuwa na wanawake wanne wenye uchungu. Waliponiona, mmoja akavuta kitenge chake mpaka kidevuni.

“Maman Léocadie, huyu mwanaume anatafuta nini humu?”

“Haiko mwanaume,” akajibu bila kugeuka. “Iko infirmier, muuguzi.”

Jioni nilimhadithia mke wangu, Mama Zawadi. Alicheka, na mpaka leo hajamaliza. Yule mama wa kitenge alizaa saa tisa, mtoto wa kike, mikononi mwangu, na alipoondoka alinipa ndizi mbili.

Baada ya miezi mitatu nilikuwa nimepata jina. Mtaa mzima uliniita Papa Sukuma, kwa sababu ya lile neno ambalo sauti yangu ilikuwa inalitoa dirishani mara kumi kwa siku. Jina langu la kweli, Zihalirwa, lilibaki kwenye karatasi za ofisi, na nyumbani Mama Zawadi akikasirika.

Maman Léocadie alinifundisha vyombo viwili. Cha kwanza ni ile koni ya mbao ya kusikilizia moyo wa mtoto. Mdomo mpana unauweka kwenye tumbo la mama, sikio lako unaliweka upande wa pili, unainama, unanyamaza, unahesabu. Siku hizi mna mashine inayopiga kelele yenyewe, lakini betri zikiisha mtaniambia. Cha pili ni partogramu, karatasi ya kufuatia uchungu. Kila nusu saa unaandika moyo wa mtoto. Kila baada ya saa nne unapima njia imefunguka kiasi gani, unatia nukta, unaunganisha. Juu yake kuna mistari miwili inayopanda kwa mshazari. Nukta zako zikivuka wa kwanza, fungua macho. Zikivuka wa pili, usibishane tena, mhamishe mama hospitali kubwa.

“Hii karatasi haina haya,” aliniambia. “Wewe unaweza kusema mambo iko sawa juu umezoea. Yenyewe haizoee.”

Miaka ishirini na zaidi ilienda hivyo, na niliipenda kazi yangu, nalisema bila aibu. Nilipokea watoto wa kike ambao baadaye niliwazalisha wenyewe. Sokoni sikuweza kununua nyanya bila kuonyeshwa mtoto wa mtu.

Halafu ukaja ule mwaka. Tulikuwa wakunga sita. Mmoja akamfuata mume wake Kamituga kwenye machimbo ya dhahabu, mwingine akachukuliwa na shirika moja lenye magari meupe, wa tatu akajifungua mapacha, jambo ambalo hakuna aliyemlaumu isipokuwa mimi. Tukabaki watatu. Mji ulikuwa umejaa watu waliokimbia vijiji vyao, na watu waliokimbia nao wanazaa. Nilifanya zamu zangu, nikafanya na za walioondoka. Mtu akiniuliza kama nimechoka, nilimjibu kwamba nitapumzika kaburini. Nilidhani hilo ni jibu la shujaa.

Alama ya kwanza ilikuwa jogoo wa jirani. Kwa miaka kumi na mitano tumekaa ukuta kwa ukuta naye na mababu zake, sikuwahi kumsikia. Ghafla nikaanza kumsikia. Nilimwandikia jirani barua yenye tarehe, saini, na neno “Kuhusu” lililopigiwa mstari, nikimtaka amhamishe mnyama wake ndani ya saa arobaini na nane. Jirani, mtu mpole, alimletea Mama Zawadi ile barua na kumwuliza kama kuna msiba.

Baadaye taksi moja ilikwama kwenye tope chini ya soko. Wanaume sita wakaegemea nyuma yake, bega kwa bega, ikaanza kusogea. Mimi nilikuwa napita zangu. Mdomo ukafunguka wenyewe, na sauti ya maternite ikatoka:

“Musisukume bado! Pumueni! Ngojeni uchungu ikuye!”

Wakaacha kweli, maana nusu yao wake zao walikuwa wameitii sauti hiyo. Taksi ikarudi nyuma polepole mpaka ikakaa kwenye meza ya nyanya. Watu walicheka hadi wengine wakakaa chini. Mama wa nyanya mwenyewe alicheka. Mimi nilisimama pale nikishangaa wanacheka nini. Hiyo, wapendwa, ni alama kubwa kuliko jogoo: kitu cha kuchekesha kinakupita na wewe unakitazama tu. Nilikwenda zangu kazini.

Tena kuna ile ya mchumba. Binti yangu Zawadi alimleta kijana wake nyumbani, kijana safi, koti la kuazima, maneno ameyakariri. Wajomba wamekaa, Fanta zimefunguliwa. Alipomaliza kujieleza, wote wakanigeukia mimi, baba. Nikamtazama Zawadi nikamwuliza:

“Siku zako za mwisho uliona tarehe ngapi?”

Mama yangu! Mama Zawadi alilazimika kusimama na kuapa mbele ya wajomba wa pande zote mbili kwamba binti yake hana kitu tumboni. Harusi ilifanyika, tunamshukuru Mungu, lakini mkwe wangu mpaka leo akinisalimia anaangalia viatu.

Mimi ni muuguzi, basi nilijitibu. Nilijitibu malaria mara tatu. Kipimo kilikataa mara zote tatu, nikasema kipimo kimeharibika. Nikajitibu tumbo, nikajitibu minyoo. Mama Zawadi yeye alikuwa na lake: karuho, ile sumu ya polepole ambayo kwetu Bukavu mtu akikonda bila sababu ndiyo inayoshukiwa kwanza.

“Kuna mutu alikuwekea mu chakula,” akasema. “Ona vile unakauka.”

Akanipeleka kwa mganga anayeitoa karuho tumboni mwa watu, papa mmoja ambaye nilizalisha wake zake wawili ndani ya juma moja. Alininywesha maji ya majani, nikatapika nusu ndoo pamoja na heshima yangu yote. Akachungulia ndoo, akakoroga na kijiti, akachungulia tena.

“Papa Sukuma, karuho haiko humu.”

“Kuna nini?”

“Bugali. Unameza bila kutafuna, ni kama uko na treni ya kukimbilia. Unalala saa ngapi?”

Nilimwambia aache mambo ya usingizi, mimi si mtoto. Fikirieni: mtu anayeishi kwa karuho, amemwambia mteja kwamba hana karuho, na mimi nikaondoka pale nikimwita mjinga.

Hayo mnaweza kuyacheka, na mimi sasa nayacheka. Ndani hayakuwa ya kuchekesha. Nawaambia wazi: nilianza kuwachukia akina mama. Mwanamke akilia, nilisikia kelele, sikusikia mtu. Nilijifungia chooni, nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikatazama ukuta dakika kumi nzima kabla ya kupata nguvu ya kutoka. Watoto walizaliwa mikononi mwangu nikasikia sawasawa na mtu anayepanga sahani. Niliogopa sana, na sikumwambia mtu hata mmoja.

Nabintu alikuja siku ya Jumanne, saa mbili asubuhi, kwa miguu yake. Alikuwa muuza makala wa njia ya chini ya kituo chetu, mwanamke wa maneno machache, mimba ya tatu. Siku hiyo tulikuwa na akina mama saba na vitanda vitano. Nilimpima, nikamfungulia partogramu. Mara ya kwanza niliinama na koni nikasikiliza: mia moja arobaini kwa dakika, moyo mzuri. Nusu saa baadaye nikapita na kalamu nikaandika 140. Nusu saa nyingine, 140. Koni ilikuwa mfukoni mwangu. Alinishika mkono mara mbili.

“Papa, mutoto amenyamaza.”

“Iko sawa, maman,” nikasema, na mkono wangu ukaandika.

Saa sita kasoro Maman Léocadie akaingia, akachukua ile karatasi kutoka kwenye kitanda. Aliisoma kwa muda.

“Zihalirwa.”

Hakuniita Sukuma, nikajua.

“Hii mutoto iko mashine? Mia moja arobaini mara saba?”

Alichomoa koni mfukoni mwangu, akainama, akanyamaza. Kidole chake kilikuwa kinagonga ukingo wa kitanda kwa kila pigo la moyo, nami nikahesabu naye. Hakikufika tisini kwa dakika, na chini ya mia moja na kumi mtoto yuko hatarini.

Tulimweka Nabintu kwenye machela, wanaume wanne wa mtaa wakashika, tukapanda mpaka barabarani. Taksi ya kwanza iliyosimama ilikuwa na magunia ya mihogo kwenye kiti cha nyuma, na mwenye mihogo alitaka maelezo. Maman Léocadie hakueleza. Alifungua mlango, mihogo ikatoka, mwenye mihogo akafuata. Mimi nilikosa nafasi. Nilikimbia nyuma ya taksi ile mpaka hospitali kubwa, blouse inapepea, na njia nzima watu wananiuliza mwizi amepita wapi.

Walimpasua. Nilisimama kwenye korido nikiwa nimeshika ukuta. Kwanza kukawa kimya. Kimya cha chumba cha kuzalia nakijua kuliko mtu yeyote mjini. Najua kikifika wapi wakunga wanaacha kutazamana. Kilifika pale, kikapita. Kisha ikatoka sauti ndogo yenye hasira. Mtoto wa kiume. Nilikaa chini sakafuni nikalia kwa sauti, na dada mmoja wa usafi akanipa hongera akidhani mimi ndiye baba.

Kesho yake nilitegemea kufukuzwa. Maman Léocadie alinikalisha ofisini kwake, akafunga mlango, akatoa partogramu mpya. Juu akaandika: Jina: Zihalirwa. Mimba: kazi. Umri wa mimba: miaka ishirini na miwili.

“Unalala saa ngapi?”

“Tatu. Ao nne.”

Akatia nukta. “Tangu lini?”

“Tangu Pasaka.”

“Mara ya mwisho kucheka?”

Nikafikiri. Nikafikiri tena. Akatia alama ya kuuliza. Aliweka jogoo, aliweka taksi na mchumba wa Zawadi, maana Kadutu yote ilikuwa na habari hizo. Aliweka malaria zangu tatu.

“Na kujifungia mu choo, ulianza lini?”

Sikujua kwamba anajua. Alipounganisha nukta, zilikuwa zimevuka mstari wa kwanza mwezi wa tano. Wa pili zilikuwa zimeuvuka mwezi wa nane. Siku hiyo tulikuwa katikati ya mwezi wa kumi na moja.

“Mama akivuka huu, tunafanya nini?”

“Tunamuhamisha.”

“Na akisema eko muzima?”

“Tunamuhamisha tu.”

Akaweka kalamu chini. “Mimi nilikuona tangu mwezi wa tano,” akasema, na ile sauti ya ng'ambo ya bonde haikuwepo. “Tulikuwa batatu. Niliogopa kubaki babili. Hii kosa haiko yako peke yako.”

Akafuta macho na mkono wa blouse. Kisha akavuta kitabu cha fomu za kuhamisha wagonjwa, akajaza ya kwanza: Mgonjwa, mkunga mmoja. Hali, amevuka mstari wa pili. Anapelekwa Luvungi, kwa dada yake. Wiki sita. Akapiga muhuri, akapuliza wino ukauke, akanikabidhi. Nilitaka kubishana, lakini mgonjwa aliyehamishwa hana maneno.

Dada yangu Apolina analima mihogo na mpunga kule Luvungi, kwenye joto la bonde la Ruzizi. Alisoma ile fomu kutoka juu mpaka chini, akaichomeka nyuma ya picha ya Bikira Maria, akanionyesha kitanda. Nililala siku tatu. Siku ya tatu akaanza kuwa na wasiwasi, akawaita majirani waje kuona kama napumua. Niliamka nikakuta watu wanane wamenizunguka, mmoja ameshaanzisha wimbo. Nilikula, nikalala tena. Wiki ya pili nililia kila siku saa ile ile, baada ya chakula cha mchana, bila sababu ninayoweza kuitaja. Apolina alikuwa ananiwekea maji ya kunawa uso pembeni na kuendelea kuchambua mchele. Wiki ya nne mbuzi wake alikuwa anazaa. Nikakunja mikono ya shati, nikapiga magoti, nikamwambia asukume. Mbuzi aliniangalia, akainuka, akaenda kuzalia nyuma ya nyumba peke yake. Nikacheka. Nilicheka mpaka Apolina akatoka jikoni na mwiko mkononi, naye akacheka kwa kuniona nacheka. Tarehe ya siku hiyo niliiandika, maana najua kuna mtu ataniuliza.

Niliporudi kazini, Maman Léocadie alikuwa amepiga kelele kwenye ofisi zote za juu mpaka akapewa wakunga wawili. Tukaweka na utaratibu ambao ninyi mmeukuta: kila mwisho wa mwezi, kila mkunga anajaziwa partogramu na mwenzake. Mwenzake, si yeye mwenyewe. Mtu akijijazia yake ataandika 140. Msiulizane “umechoka?”, maana wote tunajibu hapana. Ulizaneni mmelala saa ngapi, mmecheka lini, ni kitu gani kinawakasirisha ambacho zamani hamkukisikia.

Lakini kulikuwa na jambo lililonisubiri. Nilipoingia Kadutu siku ile, wanawake wa njia ya chini walinipokea na vigelegele. Nabintu alikuwa amembatiza mtoto jina langu. Si Sukuma, Zihalirwa.

“Papa, umeokoa mutoto, ona vile amekulipa!” wakaniambia.

Nilitabasamu kwa meno tu. Tangu siku hiyo nikaanza kupita njia ya ngazi, ya kuzunguka, ambayo iliniongezea robo saa na kunimalizia viatu. Usingizi wangu sasa ulikuwa mzuri, na hapo ndipo penye taabu, kwa kuwa mtu aliyelala vizuri anaona. Niliona kwamba nikilikubali jina lile na vigelegele vyake, nimeandika 140 nyingine, ya nane. Na mtu aliyeandika nane ataandika na ya tisa, kwa mtoto ambaye hatakuwa na Maman Léocadie wa kuingia saa sita kasoro.

Jumamosi moja niliteremka kwa njia ya chini. Nabintu alikuwa nyuma ya mafungu yake ya makala, mtoto mgongoni, kichwa chake kidogo kimeegemea. Nilisema yote nikiwa nimesimama, kofia mkononi, watu wakipita. Nilimwambia sikusikiliza. Nilimwambia zile namba nilizitoa kichwani, kwamba aliyeokoa mtoto ni Maman Léocadie, na kwamba anaweza kwenda kunishitaki kwa daktari au popote anapotaka, na jina alibadilishe.

Aliendelea kupanga makala mpaka fungu likasimama.

“Papa, ile siku nilikuona,” akasema. “Uliandika mara saba, uliinama mara moja. Mimi nilikuwa na watoto babili mbele. Najua mukunga anainama.”

Nilivaa kofia, nikaivua tena. “Sasa juu ya nini ulimupa jina yangu? Si ulinipa asante?”

“Asante?” Akanitazama kwa mara ya kwanza, na hakuwa anacheka. “Wewe unapita hapa kila asubuhi kwenda kuzalisha banamuke. Nilitaka nikimuita, na wewe ugeuke.”

Niliacha njia ya ngazi. Miaka yote iliyobaki mpaka siku ya saa ya ukutani nilipita pale, asubuhi kwa asubuhi, na mtoto akakua, akatambaa, akajifunza kukimbia uchi kuelekea barabarani. Nabintu alikuwa anaita kutoka nyuma ya makala yake, “Zihalirwa! Weee, Zihalirwa!” Mtoto, mara nyingi, hakugeuka. Mimi niligeuka kila mara.